Wajina wa Historia: Jina Moja Linapobebwa na Watu Wawili

Msomaji anayeifuatilia historia ya Afrika Mashariki hukutana mapema na tatizo ambalo vitabu vingi hulipita bila kulieleza, nalo ni kwamba watawala na wapiganaji wengi wanaotajwa humo walikuwa wajina, yaani watu waliobeba jina moja, na mara nyingine hata majina ya baba zao yalikuwa mamoja. Zanzibar ilitawaliwa na Khalifa wawili na Ali wawili katika muda usiofika karne moja. Kilwa ilikuwa na al-Hasan bin Sulaiman zaidi ya mmoja. Na katika vita vya Wamazrui vya mwaka 1895 walipigana, tena upande mmoja, watu wawili walioitwa Mbaruk bin Rashid. Kufanana huko hakukuwa bahati nasibu, kwa sababu kila jamii ilikuwa na sababu zake za kulirudia jina, na kila jamii iliyolirudia ilijiwekea pia njia za kumtenga mwenye jina na mwenzake. Matatizo yalianza pale waandishi wa baadaye walipolichukua jina na kuiacha ile njia ya kulitofautisha, na tangu hapo matendo ya mtu mmoja yakawa yanaandikwa katika hesabu ya mwingine.

Katika miji ya pwani jina la mtu halikuwa neno moja, bali mnyororo wa maneno uliokuwa na kazi maalumu kila pingili yake. Kwanza lilikuja jina lenyewe, kisha nasaba, yaani orodha ya baba na babu iliyounganishwa kwa neno bin kwa mwanamume na binti au bint kwa mwanamke, halafu nisba, ambayo ni jina la ukoo, kabila au mji wa asili, kama al-Mazrui au al-Busaidi. Mtu aliyepata umaarufu aliongezewa lakabu, yaani jina la sifa alilopewa na watu kutokana na tabia au tendo lake. Mfumo huo ulihitajika kwa kuwa hazina ya majina ya kwanza ilikuwa ndogo, majina ya Mtume, masahaba na manabii yakipendwa kuliko mengine, na kwa kuwa ilikuwa heshima kumpa mtoto jina la babu yake ili lisipotee nyumbani. Desturi hiyo ya mjukuu kuwa somo wa babu ina matokeo yanayoweza kutabirika: katika ukoo unaoishika, majina mawili hupokezana vizazi kwa vizazi, Hasan akamzaa Sulaiman na Sulaiman akamzaa Hasan, hata mtu asiyehesabu kwa uangalifu hawezi kusema anasoma habari za nani.

Kilwa Kisiwani, mji ulioko kusini mwa pwani ya Tanzania ambao magofu yake yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, unaonyesha jambo hili kwa uwazi usio na mfano. Sultani wake mashuhuri kuliko wote, aliyetawala katika miaka ya mwanzo ya karne ya 14, ni al-Hasan bin Sulaiman, ambaye babu yake naye aliitwa al-Hasan. Huyo ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, kasri lililojengwa juu ya jabali linaloitazama bahari, lenye kumbi, nyua na birika la kuogea la pembe nane, na ndiye aliyekuwa madarakani mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta kutoka Tangier alipofika Kilwa. Ibn Battuta aliandika kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa sababu ya ukarimu wake, na akaongeza kwamba ndugu yake Daud, aliyemrithi, alikuwa kinyume chake kabisa mbele ya waombaji. Lakabu hiyo haikuwa pambo tu. Habari za watawala wa mji huo, zilizohifadhiwa katika kitabu cha tarehe cha Kiarabu na pia katika maandishi ya Mreno João de Barros yaliyochapishwa mwaka 1552, zinamtaja al-Hasan bin Sulaiman mwingine aliyetangulia, wa nasaba ya watawala wanaoitwa Washirazi, ambaye alifukuzwa na wavamizi kutoka nje ya kisiwa kabla ya kurejeshwa katika kiti chake. Mmoja alikimbia mji wake na mwingine aliujengea kasri. Wanaotajwa kwa jina na jina la baba peke yake hawawezi kutenganishwa, na ni Abu al-Mawahib tu, pamoja na majina ya mababu, inayomwambia msomaji yuko mbele ya yupi.

Tatizo kubwa zaidi la Kilwa liko katika sarafu. Masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba zilizobeba jina la mtawala upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, pande hizo mbili zikipatana vina kama mishororo ya shairi, lakini hawakuandika mwaka wala mji. Kwa hiyo jina ndilo ushahidi pekee, na jina linalopatikana kwa wingi kuliko mengine ni Ali bin al-Hasan. Kwa kuwa mapokeo yanasema mwasisi wa utawala wa Kilwa aliitwa Ali, huku jina la baba yake likitofautiana katika maandishi kati ya Hasan na Husain, ilionekana rahisi kusema kwamba sarafu hizo ni zake. Hapo ndipo ubishi ulipoanzia, maana swali la ni Ali yupi liliubeba mwaka wa kuanzishwa kwa dola nzima. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyeongoza uchimbaji wa Kilwa katika miaka ya 1950 na 1960, aliusogeza utawala wa Washirazi hadi mwisho wa karne ya 12, tofauti na maandishi yaliyouweka karne mbili nyuma. Kisha mwaka 1984 ikafukuliwa hazina huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, yenye sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 za watawala wa pwani, miongoni mwao Ali bin al-Hasan, zikiwa pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi wa Misri za karne ya 10 na ya 11, na wataalamu wakalazimika kumrudisha Ali huyo nyuma tena. Si jambo dogo kwamba umri wa dola ya Waswahili uliweza kupanda na kushuka kwa miaka zaidi ya mia moja kwa sababu ya jina lililoandikwa bila tarehe.

Upokezanaji huo wa majina haukufia Kilwa. Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 alikuwa Abeid Amani Karume, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972, na aliyekuwa rais wa visiwa hivyo kuanzia mwaka 2000 hadi 2010 alikuwa mwanawe, Amani Abeid Karume, jina lilelile likiwa limepinduliwa kwa sababu mtoto alipewa jina la babu yake na kufuatiwa na la baba yake, kama vile al-Hasan alivyomfuata Sulaiman. Gazeti linaloandika Rais Karume bila neno jingine halijamtaja mtu. Hali hiyohiyo imekuja kwa Rais Mwinyi, anayeweza kuwa Ali Hassan Mwinyi, aliyeiongoza Zanzibar kuanzia 1984 na Tanzania nzima kuanzia 1985 hadi 1995, au mwanawe Hussein Ali Mwinyi, aliyeshika urais wa Zanzibar mwaka 2020. Na Kenya nayo ina Rais Kenyatta wawili, Jomo na Uhuru. Wasomaji wa leo hawapotei kwa kuwa wanaijua miaka, lakini mwanafunzi atakayefungua magazeti hayo miaka mia mbili ijayo atakuwa katika hali ileile ya mwanaakiolojia aliyeshika sarafu ya Kilwa mkononi.

Kwa masultani wa Zanzibar wa ukoo wa al-Busaidi, utata unaanza na mtu aliyeuhamishia ufalme huo pwani. Wengi humwita Sultan Said, na wengine wanaposoma Said bin Sultan hudhani kwamba sehemu ya pili ni cheo, ilhali Sultan lilikuwa jina la baba yake, Sultan bin Ahmad, mtawala wa Maskati; na neno Seyyid linalotangulizwa mbele yake ni cheo cha heshima kisichohusiana na jina Said ingawa sauti zake ziko karibu. Said bin Sultan alitawala tangu 1806 hadi alipofariki baharini mwaka 1856, akaacha watoto wengi, na wanne kati yao, Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wakakalia kiti cha Zanzibar mmoja baada ya mwingine.

Khalifa bin Said alitawala kwa muda mfupi sana, tangu kifo cha Barghash mwezi Machi 1888 hadi kifo chake mwenyewe mwezi Februari 1890, lakini muda huo mfupi ulitosha kubadili historia ya bara. Mwezi wa pili tu wa utawala wake alitia saini mkataba ulioipa kampuni ya Wajerumani haki ya kusimamia pwani ya bara kwa jina lake, kuanzia mto Umba hadi mto Ruvuma, na maofisa wa kampuni hiyo walipokuja kuzishika bandari mwezi Agosti, watu wa Pangani na miji mingine wakaanzisha vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim na Bwana Heri. Khalifa bin Harub ni mtu mwingine kabisa. Alizaliwa Maskati mwaka 1879, akaingia madarakani mwezi Desemba 1911, akatawala chini ya himaya ya Waingereza karibu miaka 49, akapita vita vyote viwili vya dunia na kuuona uchaguzi wa 1957, hadi alipofariki mwezi Oktoba 1960. Yule wa kwanza alikuwa ndugu wa babu wa huyu wa pili, kwa kuwa Harub alikuwa mwana wa Thuwaini, na Thuwaini alikuwa mwana wa Said bin Sultan. Mzee mwenye ndevu nyeupe anayeonekana katika picha, stempu na kumbukumbu za wazee wa Unguja ni bin Harub, na kumtwisha mkataba wa 1888 ni kumtwisha kosa la mtu aliyefariki yeye akiwa mtoto wa miaka kumi.

Ali wawili wanachanganya zaidi, kwa sababu wote wawili wametajwa katika jambo moja, yaani kukomeshwa kwa utumwa. Ali bin Said, aliyetawala tangu 1890 hadi 1893, ndiye aliyeikubali himaya ya Waingereza na ndiye aliyetoa amri ya tarehe 1 Agosti 1890 iliyokataza uuzaji na ununuzi wa watumwa. Ali bin Hamud, aliyesoma Uingereza katika shule ya Harrow na kurithi kiti mwaka 1902 akiwa bado kijana mdogo, ndiye aliyekuwa sultani wakati amri ya 1909 ilipofuta yale yaliyosalia katika sheria za awali. Kati yao kuna amri ya 1897 iliyoondoa hali ya utumwa katika sheria, nayo haikutolewa na Ali yeyote bali na Hamud bin Muhammad, baba wa Ali wa pili. Mwandishi anayesema kwamba Sultan Ali alikomesha utumwa amesema jambo lenye theluthi moja ya ukweli, na haijulikani ni theluthi ipi. Hatima zao pia zilitengana sana, kwani bin Said alifia madarakani Zanzibar, ilhali bin Hamud alijiuzulu mwaka 1911 akiwa Ulaya na akafia Paris mwaka 1918, akamwachia kiti Khalifa bin Harub, mume wa dada yake.

Mwaka 1896 nao una mtego wake. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, Khalid bin Barghash akaingia katika kasri siku hiyohiyo bila idhini ya Waingereza, na tarehe 27 manowari zao zikalipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiozidi saa moja, kisha Hamud bin Muhammad akasimikwa kabla ya jua kutua. Hamad akatoka, Hamud akaingia, na Khalid, ambaye mara nyingi hudhaniwa kuwa mmoja wa Khalifa, akawa kati yao kwa siku mbili. Mchapaji mmoja akikosea irabu moja, aliyekufa anageuka kuwa aliyesimikwa.

Upande wa Bara Arabu, ambako nusu ya ukoo huo ilibaki, kuna mfano unaoonyesha kikomo cha nasaba yenyewe. Turki bin Said, ndugu wa masultani wanne wa Zanzibar waliotajwa, alitawala Maskati tangu 1871 hadi 1888, akafuatwa na mwanawe Faisal bin Turki, aliyetawala hadi 1913. Lakini historia ya Bara Arabu inamjua Faisal bin Turki mwingine aliyemtangulia, mtawala wa Najd wa ukoo wa Al Saud, ambaye baba yake Turki bin Abdallah aliuawa mwaka 1834 na ambaye mwenyewe alifariki mwaka 1865. Hapa jina la baba halitoshi, kwa kuwa baba nao ni wajina, na ni lazima kwenda hadi kwa babu au kuitaja nisba ili al-Busaidi na Al Saud wasichukuliane mahali. Ndiyo maana waandishi wa zamani wa tarehe na tabakati, yaani vitabu vya wasifu wa wanazuoni na watawala, walikuwa wakipandisha nasaba hadi vizazi vitano au sita, desturi ambayo msomaji wa leo huiona kuwa ya kuchosha ingawa ilikuwa na hekima kubwa.

Hakuna mahali, hata hivyo, ambapo wajina wamefungamana kama katika habari za Wamazrui wa pwani ya Kenya, na fundo hilo linastahili kufunguliwa polepole. Wamazrui walikuwa magavana wa Mombasa kwa karibu karne moja, wakianza kwa niaba ya Oman na kisha kwa kujitegemea, hadi mwaka 1837 Said bin Sultan alipowashika viongozi wao, akiwemo Rashid bin Salim, gavana wa mwisho, na kuwapeleka nje ya nchi wasikorudi. Waliosalia waligawanyika makundi mawili, moja likakaa Gasi, kusini mwa Mombasa, na jingine Takaungu, kaskazini yake. Kiongozi wa Gasi akawa mwana wa yule gavana aliyechukuliwa, Mbaruk bin Rashid, mtu ambaye kwa miongo kadhaa aliwasumbua masultani wa Zanzibar kwa maasi yaliyozimwa na kuwaka tena. Takaungu nako kulikuwa na Mbaruk bin Rashid, lakini Rashid aliyemzaa huyu alikuwa mwana wa Khamis, si wa Salim.

Mwaka 1895 Salim bin Khamis, kiongozi wa Takaungu, alifariki, na swali la urithi likazuka. Mbaruk wa Takaungu alikuwa mpwa wa marehemu kwa upande wa baba, mtu mzima mwenye wafuasi, na kwa desturi ya ukoo alikuwa na haki ya kudai kiti. Lakini Waingereza walimpendelea kijana aliyekuwa mwana wa marehemu, na kijana huyo aliitwa Rashid bin Salim, jina lilelile la gavana wa mwisho wa Mombasa. Kwa hiyo katika ugomvi mmoja kulikuwa na Mbaruk bin Rashid aliyenyimwa kiti kwa ajili ya Rashid bin Salim, akaenda kutafuta hifadhi kwa Mbaruk bin Rashid ambaye ni mwana wa Rashid bin Salim mwingine. Mbaruk wa Gasi alimpokea na hatimaye akaingia vitani pamoja naye. Ngome yake ya Mweli ilitekwa na majeshi ya Waingereza mwezi Agosti 1895, mapigano yakaenea pwani nzima kwa miezi iliyofuata, na mwezi Aprili 1896 alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alipewa makazi Dar es Salaam, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1910.

Wanahistoria wametumia hila mbalimbali kuwatenga wazee hao wawili. Baadhi yao wameandika Mbaruk kwa yule wa Gasi na Mubarak kwa yule wa Takaungu, ingawa ni jina moja lililoandikwa kwa namna mbili, na hila hiyo huharibika mara tu mtu mwingine anaponukuu bila kuizingatia. Njia ya wenyeji ilikuwa bora zaidi, nayo ni kuutaja mji, wa Gasi au wa Takaungu, kwa sababu mji ulibeba ndani yake ukoo, mzozo na upande wa mtu kisiasa. Mwandishi anayeacha neno hilo moja humfanya mzee aliyepigana kwa ajili ya kiti cha Takaungu aonekane kuwa ndiye mwasi wa miaka mingi wa Gasi, na sababu ya vita inapotea, kwani vita vilivyoanza kwa haki ya urithi ya mtu mmoja vinageuka kuwa tabia ya uasi ya mwingine.

Mbali na pwani, katika nchi za maziwa makuu, jina lilirudiwa kwa makusudi ya aina nyingine. Nchini Rwanda mfalme alipotawazwa aliliacha jina lake la nyumbani nyuma na kupewa jina la kiti, na majina hayo yalifuatana kwa mzunguko uliowekwa katika ubwiru, yaani kanuni za siri za ufalme zilizohifadhiwa na walinzi maalumu wa mapokeo: Mutara au Cyilima, kisha Kigeli, kisha Mibambwe, kisha Yuhi, na baada ya hapo kuanza upya. Kila jina lilikuwa na wajibu wake. Kigeli na Mibambwe walikuwa wafalme wa vita, ilhali Yuhi alipaswa kulinda moto na ibada na alikatazwa kuuvuka mto Nyabarongo. Ndivyo Kigeli wa nne, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Rwabugiri, alivyopigana vita katika mipaka yote ya nchi hadi alipofariki mwaka 1895, akafuatwa na Mibambwe Rutarindwa aliyepinduliwa mwaka uliofuata, kisha Yuhi Musinga aliyetawala hadi Wabelgiji walipomwondoa mwaka 1931 na kumpeleka uhamishoni, ambako alifia Moba, Kongo, mwaka 1944. Mwanawe akawa Mutara Rudahigwa, na baada yake mwaka 1959 akaja Kigeli Ndahindurwa, mfalme wa mwisho, aliyefia Marekani mwaka 2016. Katika utaratibu huo kuwa wajina ilikuwa ni kuvikwa kazi ya aliyetangulia.

Burundi ilikuwa na mzunguko wake, Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, na hapo wanahistoria wamepata taabu kubwa zaidi, maana wafalme wa karne za nyuma wanajulikana karibu kwa mapokeo ya mdomo peke yake, na kumekuwa na mjadala mrefu kama mizunguko ilikuwa minne kweli au kama masimulizi ya mizunguko michache yalirudiwa kwa wajina wao. Kwa wafalme wa karibu hakuna shaka: Mwezi Gisabo alifariki mwaka 1908, Mwambutsa Bangiricenge alitawala tangu 1915 hadi 1966, na mwanawe Charles Ndizeye akatawazwa kwa jina la Ntare, akaondolewa madarakani mwaka huohuo na kuuawa mwaka 1972. Tarakimu zinazowekwa baada ya majina yao, kama Ntare wa tano au Kigeli wa nne, ni kazi ya waandishi. Wenyeji walimtaja mfalme kwa jina la kiti pamoja na jina la nyumbani, na hilo lilitosha. Buganda nayo imepata Mutesa wawili kwa njia hiyo ya tarakimu, mmoja aliyempokea msafiri Mwingereza Speke mwaka 1862 na kufariki mwaka 1884, na mwingine, Edward Mutesa, aliyekuwa kabaka, yaani mfalme, tangu 1939, akawa Rais wa Uganda mwaka 1963, na kufia London mwaka 1969.

Nje ya Afrika mfano unaostahili kutajwa ni wa Winston Churchill wawili, kwa kuwa hapo wahusika wenyewe walikaa na kukubaliana. Mmoja alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1871, akawa mwandishi wa riwaya aliyesomwa sana, riwaya yake ya Richard Carvel ya mwaka 1899 ikimletea umaarufu nchi nzima. Mwingine ni Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1874, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwandishi wa habari za vita. Mwaka huohuo wa 1899 Mwingereza alimwandikia Mmarekani barua ya adabu akieleza kwamba vitabu vyao vinachanganywa, na akaahidi kuweka jina la Spencer katikati ya jina lake kila atakapochapisha, kwa kuwa Mmarekani hakuwa na jina la kati la kuongeza. Wakati huo aliyekuwa maarufu zaidi alikuwa Mmarekani. Ahadi ilitimizwa, na wasomaji wa Afrika Mashariki wanaweza kuiona katika kitabu ambacho Mwingereza huyo alikitoa mwaka 1908 kuhusu safari yake ya 1907 kutoka Mombasa kwa reli hadi Uganda akiwa naibu waziri wa makoloni, kwani jina lililoandikwa juu yake ni Winston Spencer Churchill. Watu hao wawili walifanya, kwa makubaliano ya barua, kazi ileile ambayo pwani neno bin lilikuwa likiifanya kwa karne nyingi bila kuhitaji makubaliano.

Mfumo wa majina wa pwani umepunguzwa na mambo mawili ya kisasa, fomu za serikali zenye nafasi ya majina mawili au matatu tu, na haraka ya waandishi wanaotaka kichwa cha habari kifupi. Neno bin limeondoka katika majina ya watu wengi, nisba zimeachwa, na lakabu, ambazo zilikuwa shahada ya watu kuhusu mtawala wao, hazitolewi tena kwa maandishi. Hasara yake haionekani leo kwa kuwa watu bado wanajuana. Itaonekana katika nyaraka, katika makavazi ya taifa, katika vibao vya barabara na katika vitabu vya shule vinavyomfundisha mtoto habari za Sultan Khalifa bila kumwambia ni Khalifa wa nani. Waandishi wa vitabu vya kiada, wahariri wa magazeti na makarani wanaoandika majina ya marehemu katika daftari wanaombwa jambo dogo lisilo na gharama: waandike jina, jina la baba na jina la babu au ukoo, na pale wajina wanapokutana katika habari moja, wataje na mji wa kila mmoja.